Nani Ameivua Nguo Mashine?

Katika studio ya Maman Léoncie kila kitu kilivaa. Televisheni ilivaa, redio ilivaa, friji ndogo ya Fanta ilivaa, na hata spika iliyokufa kabla mimi sijaajiriwa ilikuwa na nguo yake. Vilikuwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, vya uzi mweupe na maua ya manjano pembeni, na Maman Léoncie alivifuma mwenyewe akiwa ameketi mlangoni akingoja wateja. Mtaa wetu wa Mutakura, hapa Bujumbura, una vumbi. Barabara yetu haina lami, na wakati wa kiangazi ukifuta meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Lakini vumbi halikuwa sababu yote. Kwake yeye, chombo kilicho uchi mbele ya mgeni kilikuwa aibu ya mwenye nyumba, sawa na kumwacha mtu asimame bila kumpa kiti.

Kompyuta ndiyo iliyovaa vizuri kuliko vyote. Kitambaa chake kilikuwa kizito, kimefumwa tabaka mbili, kikalifunika boksi la mashine kuanzia juu hadi chini kwa nyuma, kikaacha uso tu na kitufe cha kuwashia. Hiyo ilikuwa heshima, kwa kuwa mashine hiyo ndiyo iliyotulisha. Tulikuwa tukitengeneza filamu za harusi. Maman Léoncie alishika kamera na kuongea na watu. Mimi niliketi mbele ya kompyuta nikikata picha na kuziunga. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikunitaka niseme sana. Mtu anaweza kukaa siku nzima na bibi harusi kwenye skrini, akafuta chozi lisilopendeza, akaacha lile zuri, na asilazimike kufungua mdomo.

Shida yetu ilikuwa mwendo. Kukata na kuunga nilikuwa sichelewi, lakini nikishaiambia mashine itoe filamu nzima, ilitambaa. Filamu moja ilikula siku mbili, usiku na mchana, na umeme ukikatika katikati tulianza upya. Wateja walianza kuchoka. Wengine walisema mashine imezeeka. Hugues, mpwa wake Maman Léoncie, fundi wa kompyuta mwenye studio yake kubwa kule Kinindo, alisema ni mimi.

"Orlane," alikuwa akiniambia kila akija, "angalia nyuma yako, sha. Iko konokono inakupigia klaksoni, inataka kupita."

Nilikuwa nikicheka kidogo, kwa heshima, na kuendelea na kazi.

Jumatano hiyo alikuja Mzee Amur, mfanyabiashara wa vitambaa mjini, mtu wa zile familia za Kiomani zilizokaa Bujumbura tangu enzi za babu zao. Tulikuwa tumepiga picha za harusi ya binti yake, Basma. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mama Léoncie, wakwe zangu wanapanda ndege Ijumaa baada ya swala. Mama yake bwana harusi hakuweza kuja, miguu imemkatalia. Yuko kule Muscat anangoja amuone mkwewe. Filamu hii lazima iende nao. Ikibaki, mi nitaonekana mutu gani?"

"Itaenda, Mzee," akasema Maman Léoncie.

Hugues alikuwa palepale, chupa ya Fanta mkononi. "Mzee, unipatie picha tu, nipeleke Kinindo. Kesho unapata filamu. Hapa utazeeka."

"Mi nimeshazeeka," Mzee Amur akamjibu, na akaondoka bila kuahidi kitu.

Mzee aliposhuka ngazi, Hugues alivuta kiti karibu na shangazi yake. Kwamba shangazi amuuzie ile mashine, yeye aivunje auze vipande. Kwamba shangazi amletee kazi zote Kinindo, apumzike, afume vitambaa vyake kwa amani. Hakusema vibaya. Alisema kwa upole, kama mtu anayempangia mgonjwa. Maman Léoncie alifuma mstari mzima kabla ya kujibu.

"Filamu ya Basma itatokea hapa. Isipotoka mpaka Ijumaa saa sita, basi, chukua mashine."

"Na huyu?" Hugues akanionyesha kwa kidevu.

"Atarudi kwa kaka yake Kinanira."

Waliyasema hayo mbele yangu kama mtu anavyosema mbele ya friji.

Mchana huo niliiamuru mashine ianze kutoa filamu, ili nipime itafika wapi. Kisha nikafungua lile dirisha linaloonyesha jinsi prosesa inavyofanya kazi. Sijui kwa nini sikuwahi kulifungua kabla ya siku hiyo; nadhani neno "uzee" lilikuwa limenitosha. Mbele ya boksi palikuwa na kibandiko, na kwa kibandiko hicho prosesa ile ilikuwa na zile sehemu nne zinazofanya kazi bega kwa bega, ambazo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaziita mioyo. Dirisha lilionyesha moyo mmoja tu. Ulikuwa umejaa hadi juu, haupumziki hata kidogo. Mingine mitatu haikuwa imekufa. Haikuwepo kabisa, kama watu walioambiwa wabaki nyumbani.

"Hugues," nikasema, "mashine inatumikisha moyo moja tu."

"Najua. Mi ndo nilifunga zingine." Hakuona aibu yoyote. "We ulikuwa hujafika. Ilikuwa inapata homa, inazima yenyewe katikati ya kazi. Nikaingia kwa BIOS, kule kwa mipangilio ya mashine, nikafunga mioyo tatu, nikapunguza mwendo. Homa ikaisha. Si iko hai mpaka leo?"

"Homa ilikuwa inatoka wapi?"

Hugues aliutazama mgongo wa kompyuta, akamtazama shangazi yake aliyekuwa mlangoni na sindano yake, akanitazama mimi.

"Uzee," akasema.

Nilipitisha mkono nyuma ya boksi, chini ya kitambaa. Hewa ya feni ilikuwa ikitoka pale na kukosa njia, ikirudi ilikotoka. Uzi ulikuwa wa moto kama mgongo wa mtoto mwenye malaria.

"Tuifungue ile mioyo ingine," nikasema.

"BIOS iko na mot de passe, neno yangu ya siri."

"Ni gani?"

Alicheka hadi Fanta ikampalia. "We dada! Ile skrini ya buluu si ya kuchezea. Ukikosea kitu kimoja, mashine inaungua, na nyumba ya tantine inaifuata. Kata harusi zako, kata keki, moteri achia wenyewe."

"Mi nimesoma hii kitu."

"Hata mi nimesoma," akasema, akainuka, akalinyoosha pindo la kitambaa kwa vidole viwili kama mtu anayemfunika mtoto. "Tantine, nakwenda. Ijumaa narudi na gari."

Maman Léoncie hakugeuka. "Uache, mutoto yangu," aliniambia. "Hugues anajua."

Njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwa nikifikiria BIOS. BIOS ni ukurasa tu: unasoma, unachagua, unahifadhi, unatoka. Nilikuwa nikifikiria kitambaa. Maman Léoncie alinipokea kazini wakati ofisi nyingine zilikuwa zikiniuliza nani amenituma. Mwezi wangu wa kwanza alinifumia mfuko wa simu, wenye maua yaleyale ya manjano, na hadi leo ninao. Kumwambia mtu kama huyo kwamba kitambaa chake ndicho kinachoiziba pumzi mashine yake kulikuwa kitu ambacho mdomo wangu haukujua pa kuanzia. Lakini nilipofika mlangoni kwangu nilijikuta nimekasirika, na si kwa Hugues peke yake. Nilikasirika kwa ule upole wote. Wote tulikuwa wapole mno, na kwa upole huo mashine ilikuwa ikienda kuvunjwa vipande, na mimi nikienda Kinanira kumwoshea kaka yangu vyombo.

Alhamisi asubuhi nilifungua studio mwenyewe. Maman Léoncie alikuwa bado kwenye misa. Niliisimamisha filamu ya jana, iliyokuwa bado ikitambaa, nikachomoa nyaya. Nilikivua kitambaa, nikakikunja vizuri, maua ndani, nikakiweka juu ya kiti. Nikafungua boksi. Mabawa ya feni yalikuwa yamevaa manyoya ya vumbi. Niliyasafisha kwa brashi ya rangi, taratibu, nikipuliza. Kisha nikatafuta ile betri ndogo ya duara, yenye umbo la sarafu, iliyolala kwenye bodi. Hiyo ndiyo inayoikumbusha mashine tarehe na mipangilio yake umeme unapokuwa haupo. Kwa bodi ya aina ile, ukiing'oa na kungoja kidogo, inasahau kila kitu, neno la siri la fundi likiwemo.

Nilikuwa nimeishika mkononi Maman Léoncie alipoingia, rozari bado kwenye vidole.

"Yampayinka! Nani ameivua nguo mashine yangu?"

Tulikuwa wawili tu mle ndani.

"Ni mi, Maman."

"We?" Aliuliza kama vile friji ndiyo iliyomjibu.

"Nilikuwa natoa vumbi. Na tena, iko na mioyo ine, lakini inafanya na moja. Hugues alifunga ile ingine."

"Mashine iko na mioyo ine?"

"Ego, Maman."

"Mi Mungu alinipatia moja, na shida zangu zote zimeingia mule mule." Alikichukua kitambaa kwenye kiti. "Rudisha kila kitu pahali yake, Orlane. Mbele sijakasirika."

"Apana."

Sikuwahi kumwambia neno hilo. Lilitoka dogo, karibu lirudi, lakini lilikuwa limeshatoka. Niliangalia mikono yangu ili nisiuone uso wake, nikairudisha betri mahali pake, nikaanza kukaza skrubu.

Alimpigia Hugues simu na kuweka sauti ya nje, na sauti ya Hugues ikajaa studio. "Ametoa betri? Tantine, asiwashe! Umwambie asiwashe! Nakuja sasa hivi!"

"Na gari?"

"Gari haina mafuta, iko kwenye mustari ya essence tangu jana. Nakuja na miguu! Asiwashe!"

Niliunganisha nyaya, nikawasha.

Skrini ilibaki nyeusi hadi nikasikia moyo wangu mwenyewe, ule mmoja. Kisha yakatokea maandishi meupe: mashine haijui tarehe, inauliza kama nataka kuingia kwenye mipangilio. Nilibonyeza. Ukurasa wa buluu ulifunguka bila kuuliza neno la siri. Nilichagua Kifaransa ili Maman Léoncie, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akishika rozari na kitambaa pamoja, asome anachokiona.

Kwenye ukurasa wa prosesa, amri za Hugues hazikuwepo tena. Mioyo yote minne ilikuwa wazi, kama ilivyotoka kiwandani. Palikuwa na mstari wa kuisukuma prosesa ikimbie kupita mwendo wake wa kawaida, huo niliufunga. Mashine ilikuwa ya mitumba, imevuka bahari hadi kutufikia, nami sikutaka ishindane na mtu. Nilitaka ifanye kazi yake bila kuugua. Nikaiambia feni izunguke kwa nguvu. Nikaweka tarehe. Nikafika kwenye sehemu ya neno la siri, nikaisoma mara mbili, nikaiacha tupu. Nikahifadhi, nikatoka.

Mashine iliamka. Nilifungua lile dirisha: vilima vinne vya grafu, kila moyo na chake, bega kwa bega. Nikaiamuru itoe filamu ya Basma, na ile namba ya kuonyesha kazi imefika wapi, iliyozoea kusimama kama mtu aliyesahau anakokwenda, ilitembea.

"Inatembea," akasema Maman Léoncie.

"Ego, Maman."

Kuhusu kitambaa nilinyamaza. Alikuwa amekishika, na nilitumaini kwamba atakishika hivyo hivyo hadi jioni. Hilo ndilo tumaini la watu kama mimi, kwamba jambo gumu litajisemea lenyewe.

"Hodi!" Mzee Amur alikuwa mlangoni. Alishindwa kungoja hadi Ijumaa.

Mkono wa Maman Léoncie ulikuwa mwepesi kuliko mawazo yake. Mgeni mlangoni, mashine uchi. Kabla ya kusema karibu alikuwa ameshaivisha, juu hadi chini kwa nyuma, na kulinyoosha pindo. "Karibu, Mzee! Utusamehe, umetukuta vibaya. Kaa."

Mzee akakaa. Nilikuwa nimefungua kile kidirisha kinachoonyesha joto la prosesa. Namba ilianza kupanda. Feni ikapandisha sauti, ikawa inalia kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Niliwaza: ngoja aondoke. Lakini Mzee Amur alikuwa ameshaiweka fimbo yake kando na kuvua kofia; alikuwa amekuja kukaa. Ikizidi kidogo, mashine itazima yenyewe, mbele yake, na filamu itaanza upya, na Hugues atakuta maneno yake yametimia.

Nilisimama. Nilikishika kitambaa kwa mikono miwili, nikakivua.

"Orlane!"

"Apana, Maman."

"Mbele ya mugeni?"

"Mbele ya mugeni." Nilikibana kitambaa kifuani. "Ni hii kitambaa inaipatia homa. Iko inaziba pahali inapumulia. Homa ilitoka hapa tangu mwanzo. Hugues aliona ni rahisi kufunga mioyo tatu kuliko kukuambia utoe kitambaa. Mi nakuambia. Unifukuze kama unataka, lakini filamu itoke kwanza."

Feni ilishusha sauti kidogo kidogo, na kwenye skrini namba ya joto ikaanza kurudi chini.

Mzee Amur alikohoa. "Mama Léoncie, hata sisi siku ya harusi tunamfunika bibi harusi. Lakini wallahi, kuna pahali inafika lazima afunuliwe. Si atakosa pumzi?"

Maman Léoncie hakucheka. Alinyoosha mkono, nami nikampa kitambaa chake. Alienda kukaa mahali pake mlangoni, akakigeuza magotini, akatafuta ncha ya uzi kwa kucha. Nilidhani anatafuta tobo. Alipoipata, akavuta.

Kilifumuka mstari baada ya mstari. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo, kwamba kilikuwa kizuri, kwamba kingefaa mezani au popote pengine. Nilibaki nimekaa. Mashine ilikuwa ikienda mbele na kitambaa kikirudi nyuma, na sikuwa na neno ambalo lingeshika vyote viwili. Mzee Amur alisogeza kiti karibu na skrini. Alimwangalia binti yake akiingia, akipakwa hina, akifunuliwa shela, kisha akasema, "Huyo ni mama yake alipokuwa kijana," akafuta pua.

Filamu ilitoka kabla ya adhuhuri, Alhamisi. Nilimwekea Mzee kwenye flashi mbili, moja ya ndege na moja ya akiba. Alimshukuru Maman Léoncie, kisha akasimama mbele yangu. "Binti, urakoze," akasema, na akaenda zake na fimbo yake.

Hugues alifika jua likiwa utosini. Kutoka Kinindo hadi Mutakura kwa miguu si safari ya mtu aliyevaa viatu vya ngozi. Vilikuwa vyeupe kwa vumbi hadi kwenye kamba. Alisimama mlangoni akihema, akaitazama mashine iliyo uchi, akamtazama shangazi yake mwenye donge la uzi magotini.

"Imeungua?"

"Haiuzwi," akasema Maman Léoncie.

"Tantine, itaungua. Ikiendelea hivi..."

"Shika."

Hugues aliweka kiganja nyuma ya boksi. Alikishikilia hapo akingoja moto usiokuja, akakitoa.

"Ulijua ni kitambaa?" Maman Léoncie alimuuliza. Hakuinua macho, alikuwa akizungusha uzi.

"Ningekuambia aje? Uliifuma na mikono yako. Ungenikasirikia mwaka mzima."

"Ningekukasirikia," akakubali. "Kukasirika si kufa, Hugues. We uliniacha nizike mashine mzima." Kisha, kwa sauti ileile, "Orlane, clavier inapata homa?"

"Apana, Maman. Ukifunika wakati kazi imeisha, haina shida."

"Lete nipime."

Nilimpelekea kibodi, akaipima kwa shibiri ya mkono wake, urefu na upana, akanirudishia. Uso wake ulikuwa bado umekunjwa. Siwezi kusema alikuwa amenisamehe siku hiyo. Alichukua sindano.

Hugues alijifuta jasho. "Bon," akasema, akija upande wangu. "Unipishe kidogo. Niweke mot de passe, angalau."

"Apana," nikasema. Mara hii halikutoka dogo.

"Sha, bila mot de passe mutu yeyote ataingia mule ndani!"

"Aingie. Akiharibu, nitatengeneza."

Alimgeukia shangazi yake aamue. Maman Léoncie alikuwa akihesabu vitanzi kwa midomo, akaendelea kuhesabu. Hugues akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kupumzisha miguu. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa nyaya na brashi yangu. Kilichobaki kilikuwa changu, nami nilikuwa nimekikalia.